Zima data kwanza: jinsi ya kufanya kazi na kusoma kwa simu ileile inayokupotezea muda

Haya wadau. Hii nawaandikia wenye simu moja inayofanya kila kitu, biashara humo, chuo humo, umbea humo, na bando la kununua kila baada ya siku mbili tatu, hapa Tanga uwe Makorora, Chuda, Sahare au huko Pongwe. Mwenye waifai ya ofisi isiyokatika na yeye karibu, ila ajue hakuwa mlengwa. Miongozo mingi ya kuacha kupoteza muda mtandaoni imeandikwa na watu ambao kwao intaneti ipo tu muda wote kama hewa, ndo maana kila siku wanakuletea apu mpya ya kufungia apu nyingine. Sisi huku intaneti tunaipima kwa MB na ina swichi yake pale juu ya skrini, ukiigusa imezimika. Sijaona apu ya kujidhibiti inayoishinda hiyo swichi, na ni bure.

Kwa hiyo mwongozo wangu wote ni huu: kazi zako nyingi uzipange zifanyike data ikiwa imezimwa, afu data yenyewe uipe saa zake. Yanayofuata ni namna tu ya kuliweza hilo bila biashara kulala wala masomo kukwama.

Kwanza toa hofu ya hela

Watu wengi hawazimi data kwa sababu moja, wanaogopa kukosa hela. Mtu anajiambia nikizima mteja akituma pesa sitaona, fundi akinitafuta hatanipata. Si kweli jamani. Simu za kawaida zinaingia, meseji zinaingia, na pesa za simu zinakwenda kwa menyu ya nyota, M-Pesa ni *150*00#, Airtel Money *150*60#, na Mixx ile iliyokuwa Tigo Pesa na HaloPesa nazo zina namba zao, unatuma, unatoa, unanunua LUKU, unalipa ada kwa kontroli namba, na meseji ya muamala inakuja, vyote hivyo bila kula hata KB moja. Apu za hizo pesa ndo zinataka intaneti, menyu ya nyota haitaki. Kwa hiyo mwambie mteja wako wa kudumu, wa Muheza anayekuletea machungwa au wa Dar unayemtumia mzigo kwa basi pale Kange, akiwa na la haraka apige. Anayekuhitaji kweli atapiga. Ambaye anataka tu kuuliza "mambo" atasubiri na wala hatakufa.

Na mwenye kiswaswadu cha pembeni ndo kabisa, laini ya wateja iweke humo, chaji inakaa siku kadhaa, na simu kubwa inaweza kulala kabatini mchana mzima bila mtu yeyote kukukosa.

Tusidanganyane pia kwamba mtu mwenye akili zake atajizuia tu. Ile staili ya kurasa zisizo na mwisho, unasukuma kidole na vitu vinazidi kuja, ilibuniwa 2006 na Mmarekani anaitwa Aza Raskin, na mwenyewe baadaye alijitokeza hadharani kusema anajuta. Gazeti lina ukurasa wa mwisho, taarifa ya habari ya saa mbili usiku inaisha watu wanaenda kula, lakini TikTok haina mahali inapokwambia haya basi kwaheri. Mwisho lazima utoke nje ya apu, na ukizima data mwisho umepatikana.

Saa za data

Mi nashauri ufungue mara tatu au nne kwa siku, na kwa watu wa Tanga ratiba ilishapangwa zamani, fuata adhana. Hata kama wewe si Mwislamu adhana unaisikia tu, huna haja ya alamu. Ukishakunywa chai asubuhi fungua, jibu watu, zima. Baada ya adhuhuri fungua, baada ya alasiri fungua, na baada ya isha fungua kwa starehe zako, huko angalia unachotaka hakuna anayekuuliza. Nusu saa kwa kila awamu za mchana inatosha kabisa kwa mtu wa kawaida, tena inabaki.

Lakini usifungue mikono mitupu. Hapa ndo panapowashinda wengi, anafungua data "aone kuna nini", na ukienda kuona kuna nini basi utakipata, na kingine, na kingine. Weka Google Keep kwenye simu, inafanya kazi bila intaneti, fungua noti moja uiite Za Mtandaoni, na kila kitu kinachokujia kichwani wakati data imezimwa kiandike humo: bei ya mabati, matokeo ya NECTA yametoka lini, yule jamaa wa Lushoto ana karoti au hana, ile qaswida iliyopigwa kwenye harusi jana jina lake nani. Muda ukifika unaifungua ile noti unatembea nayo moja baada ya nyingine unaweka tiki. Utashangaa, nusu ya yale uliyoyaona ya dharura saa nne asubuhi ikifika adhuhuri hata hutaki kuyajua tena, unayafuta tu.

Kitu kingine kidogo ila kinawatesa watu: ukiwa unaweka ratiba yoyote kwenye simu kumbuka simu inahesabu kizungu. Saa mbili asubuhi yako ni 8:00 yake, saa kumi jioni ni 16:00. Ukikosea hapo utafungiwa WhatsApp usiku wa manane na kuachiwa mchana.

Sasa kuna ambao kweli hawawezi kuzima, mfano dada anayeuza mabuibui na mitandio mtandaoni, oda zake zote zinaingia WhatsApp na mteja akikaa dakika ishirini bila jibu ashaenda kwa mwingine. Huyo asizime, awashe Data Saver. Ipo kwenye setingi za simu, sehemu ya mtandao na intaneti. Ukiiwasha, apu ambazo hujazifungua zinanyimwa data kule nyuma ya pazia, kwa hiyo Instagram na TikTok zinapunguza kukurushia vimeseji vya "fulani ameposti", afu humohumo kuna orodha ya apu za kuruhusiwa muda wote, unairuhusu WhatsApp Business peke yake. Oda zinaingia, makelele yanapungua. Na bando linadumu, watu hawajui ni kiasi gani cha bando lao kinaliwa na apu ambazo wala hawajazigusa.

WhatsApp, maana hapa ndo nyumbani kwa wote

Tukubaliane kwamba WhatsApp huwezi kuiacha. Humo kuna grupu la ukoo, grupu la wazazi wa darasa la nne, michango ya harusi mbili na msiba mmoja, grupu la mtaa la maji yakikatika, grupu la Wagosi wa Kaya wanaobishana kuhusu kikosi cha Coastal Union kama vile kocha yumo humo, na katikati yake ndo yupo mteja anauliza bei. Kazi ni kumtoa mteja katikati ya hiyo halaiki.

Fanya hivi, na kaa chini ufanye siku moja yote kwa mpigo. Bonyeza grupu ulishikilie mpaka litiwe alama, chagua mengine yote ya aina hiyo, afu juu gusa alama ya kisanduku chenye mshale unaoelekea chini. Hapo umeyaweka kwenye kumbukumbu, yamepotea kwenye orodha yako ya kawaida na yamekaa kwenye folda yao juu kabisa. Tangu 2021 ujumbe mpya ukiingia humo grupu halirudi juu kama zamani, linabaki kulekule kimya, na hupati notifikesheni mpaka mtu akutaje kwa jina au ajibu ujumbe wako. Hii ndo nzuri yake kwa watu wetu, hujatoka kwenye grupu, hakuna anayeona kitu, mjomba hatapiga kuuliza mbona umejitoa una nini na sisi. Kutoka kwenye grupu la msiba ni kesi, kuliweka kwenye kumbukumbu siyo. Ila lile la michango kama wewe ndo mweka hazina liache juu, hilo ni kazi.

Magrupu yasiyofika kiwango cha kufichwa yanyamazishe tu, kuna masaa manane, wiki moja, au daima. Weka daima. Hayo masaa manane sijui yaliwekwa kwa ajili ya nani.

Halafu ingia setingi za WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, kwenye upakuaji wa picha na video ukiwa unatumia data ya simu ondoa tiki zote. Kuanzia hapo zile video za asubuhi njema zenye maua na njiwa hazishuki mpaka uzitake mwenyewe. Sauti zilizorekodiwa zinashuka zenyewe hata ukiondoa tiki, na hiyo ni faida, unafungua data dakika mbili zinaingia, unazima, unazisikiliza zote taratibu ukiwa unakatiza Ngamiani na baiskeli yako. Na majibu unaweza kuyaandika data ikiwa imezimwa, WhatsApp inaweka kisaa kidogo pembeni ya ujumbe, ukija kuwasha data yote yanaruka kwa pamoja. Hii naipenda kuliko zote. Unajibu watu kumi na tano kwa utulivu bila kuona "anaandika...", bila kuingizwa kwenye maongezi mapya, umemaliza umeweka simu chini.

Kwa mfanyabiashara toka kwenye WhatsApp ya kawaida nenda WhatsApp Business, ni bure vilevile. Weka katalogi yenye picha na bei, weka saa za kazi, weka mahali ulipo, mteja anaviona hivyo hata simu yako ikiwa imezimwa kabisa, na wengi waliokuwa wanakuja na "bei gani hii" watajihudumia. Weka majibu ya haraka, unaruhusiwa mpaka 50: ukiandika mkwaju na neno fupi, mfano /kange, inatokea aya nzima ya "mizigo ya Dar tunapeleka stendi ya Kange asubuhi na mchana, nauli ya mzigo unalipa mwenyewe", unatuma. Kuna pia ujumbe wa kutokuwepo unaojituma wenyewe mtu akikuandikia nje ya saa za kazi, lakini jua siri yake, haujitumi kama simu yako haina intaneti. Wengi wanauweka, wanazima data, wanadhani wateja wanajibiwa kumbe wanaona tiki moja tu. Ukiwa ni mtu wa kuzima data ule ujumbe usiutegemee, badala yake kwenye maelezo ya profaili andika wazi: najibu saa mbili, saa saba na saa kumi, ya haraka piga.

Stetasi za watu sisemi kitu. Kuna watu biashara zao zote ziko stetasi na kuna watu wanaangalia stetasi mia kila asubuhi kabla hawajapiga mswaki. Ukibonyeza stetasi ya mtu ukashikilia unaweza kumnyamazisha na hajui. Anza na wanaoposti vidoti vidoti arobaini.

Kutaipu, mahesabu na stashenari

Kuandika barua, ripoti, CV, mtihani wa wanafunzi, hakuna hata kimoja kinachohitaji intaneti, na bado watu wanaandika wakiwa na kurasa kumi zimefunguka pembeni. Kwenye laptopu weka LibreOffice, ni bure kabisa na si ya kuiba, inafungua mafaili ya Word na Excel, haidai leseni wala haikusumbui na ujumbe mwekundu. Unaipakua mara moja, hata kwa rafiki unaichukua na fleshi. Ukishazoea Google Docs nayo sawa, ila kwenye kompyuta lazima uwe umeruhusu matumizi ya bila intaneti mapema wakati mtandao upo, kwa brauza ya Chrome au Edge, na kwenye simu unagusa vidoti vitatu vya faili lenyewe unachagua lipatikane nje ya mtandao. Fanya hivyo kwa mafaili unayoyahitaji wiki hiyo tu. Ukija kuwasha data yanajipandisha yenyewe kule Drive, na GB 15 za bure ni nyingi sana kwa mtu wa maandishi, picha za harusi ndo zinazozijaza.

Kabla hujaenda stashenari kuprinti geuza faili kuwa PDF, nyumbani kwako. Word ya kwako ikifunguliwa kwenye kompyuta ya mtu mwandiko unahama, jedwali linakatika, unaanza kurekebisha pale watu nyuma wanapumua shingoni. Na ikiwa umeunganisha WhatsApp yako na kompyuta yao ili kuchukua faili, kabla hujaondoka nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa kwenye simu yako uitoe. Watu wanasahau sana hii, mwezi mzima mtu wa duka anaweza kusoma maongezi yako na mchumba. Fleshi ni salama zaidi, au jitumie kwa barua pepe.

Mahesabu ya duka weka Google Sheets kwenye simu au daftari, nasema kweli, daftari. Kama mauzo yako ni mistari ishirini kwa siku na huna wa kumtumia ripoti, daftari halina notifikesheni. Ukianza kutaka jumla za mwezi na kulinganisha faida ya khanga na ya vitenge hapo ndo Sheets inalipa.

Laptopu ya Windows ikiunganishwa na hotspoti ya simu ni hatari nyingine, inaona waifai inadhani imefika peponi, inaanza kupakua masasisho ya GB nzima na bando la wiki limekwenda ndani ya chai. Bonyeza jina la ile hotspoti kwenye setingi za mtandao, ingia kwenye sifa zake, kuna swichi ya kuifanya iwe ya kulipia kwa kipimo. Iwashe. Windows itajua ni mtandao wa kuhesabiwa na itaacha ulafi, ingawa masasisho ya usalama usiyakimbie milele, siku ukipata waifai ya maana yaachie yashuke.

Na humo kwenye laptopu tumia brauza mbili. Firefox ya kazi, haina akaunti yoyote ya starehe ndani yake, Facebook haijafunguliwa, YouTube haijui wewe ni nani. Chrome ya mambo yako mengine. Hii peke yake inafanya kazi kubwa kwa sababu mkono ukienda kutafuta Facebook kwenye Firefox unakutana na mlango wa nywila, na uvivu wa kuandika nywila unakurudisha kazini. Anayetaka kufuli la kweli aongeze LeechBlock humo kwenye Firefox, ya bure, unaandika tovuti zinazokumaliza na saa za kuzifunga, mfano Jumatatu mpaka Ijumaa saa mbili mpaka saa kumi.

Kusoma

Wanafunzi, na hapa nawaweka na wale wa chuo huria wanaosoma huku wanafanya kazi. Kanuni ni ileile, kushusha ni wakati mmoja na kusoma ni wakati mwingine, usichanganye. Kama una bando la usiku limekaa bure tumia hilo kushusha, au waifai ya mtu, afu mchana kaa maktaba ya mkoa pale mjini au nenda zako Raskazone kwenye upepo, data imezimwa, unasoma ulichonacho.

Vitabu vya kiada vya shule, Taasisi ya Elimu Tanzania wana maktaba yao ya mtandaoni, vya msingi na sekondari vipo. Ukurasa wowote wa tovuti unaotaka kuusoma baadaye, kwenye Chrome ya simu gusa vidoti vitatu na mshale wa chini, unabaki kwenye simu. Ila kitu ambacho hakizungumzwi vya kutosha ni Kiwix. Ni programu ya bure inayokuwezesha kubeba Wikipedia nzima kwenye simu au laptopu bila intaneti. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, faili lake ni dogo na linaingia simu ya kawaida. Ya Kiingereza nzima na picha zake inapita GB 90, hiyo haikuhusu, lakini kuna mafaili yaliyokatwa kwa mada, kuna la tiba, kuna ya masomo mengine, unachukua lako. Uzuri wake ni kwamba ukitafuta "mkonge" unasoma mkonge. Hakuna pembeni mtu anayekuonyesha kufuru ya nyumba ya staa.

YouTube ni mwalimu mzuri na ni shimo, vyote viwili. Nenda kwenye historia ya kutazama, izime na uifute. Tangu Agosti 2023 ukifanya hivyo ukurasa wa mwanzo unakuwa mtupu, hauna mapendekezo, kuna sehemu ya kutafuta tu. Unaandika "logarithm kidato cha tatu", unapata logarithm, basi. Zima pia ile video kujifungulia inayofuata. Na punguza ubora mpaka 240p au 144p, mwalimu anayeandika ubaoni unamwona vizuri tu, sura yake haiko kwenye mtihani. Simu nyingi za Android YouTube haifutiki ila inazimika, kwenye taarifa za apu kuna kitufe cha kuizima, mwenye kuelewa kwamba hajiwezi aizime kabisa akatazame kwenye brauza, ambako inachosha, na kuchosha ndo tunakotaka.

Kwa kukariri weka AnkiDroid. Hapa nitakaa kidogo maana wengi wanasoma kwa kurudia daftari lote mara nne usiku wa kuamkia pepa. Mjerumani Hermann Ebbinghaus mwaka 1885 alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe ya kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha tunavyosahau haraka mwanzoni, na kwamba marudio yakitawanywa siku tofauti yanashika kuliko yakirundikwa siku moja. Anki, iliyotoka 2006 na ambayo AnkiDroid ndo apu yake ya Android, inafanya hiyo hesabu kwa niaba yako. Unatengeneza kadi, mbele swali nyuma jibu: mbele "Shaaban Robert alizaliwa wapi na lini", nyuma "Vibambani, Tanga, 1909". Ukijibu kwa shida inakurudishia kesho, ukijibu kwa urahisi inaipeleka mbele siku kadhaa, baadaye wiki, baadaye miezi. Haitaki data. Kadi tengeneza mwenyewe kutoka kwenye notsi zako, usishushe za watu, ule muda wa kuitengeneza ndo nusu ya kusoma kwenyewe. Na swali moja kwa kadi moja, ukianza kuweka "sababu saba za Vita vya Majimaji" kwenye kadi moja utaichukia na kuikimbia, zivunje ziwe saba. Siku usiache kupitia, hata foleni ya daladala inatosha.

Wale wa kupenda kupima muda kuna njia ya Mwitaliano Francesco Cirillo, aliyeianza akiwa mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya themanini na saa ya jikoni yenye umbo la nyanya: dakika 25 kazi, 5 pumzika, ukifika mizunguko minne pumzika zaidi. Nzuri kwa kazi unayoikimbia. Kwa hesabu au kuandika mimi naiona dakika 25 ni fupi, unakatwa ndo kwanza umeshika kasi, weka 50 hakuna askari atakayekuja. Alamu ya simu inatosha, usishushe apu ya nyanya yenye matangazo ndani yake.

Kufuli za kwenye simu yenyewe

Android kuanzia ile ya 9 ya mwaka 2018 inayo Digital Wellbeing humo kwenye setingi, ingawa simu nyingine za bei ndogo zimeikata. Ifungue angalau uone masaa yako, bila kubishana nayo. Unaweza kuipa kila apu dakika zake kwa siku, zikiisha ikoni inakuwa ya kijivu mpaka saa sita usiku, na kuna modi ya fokasi inayozifunga apu ulizozichagua kwa pamoja kwa saa ulizopanga. Ni vizuri, ila ufunguo unao wewe mwenyewe, ukitaka kuongeza dakika unaongeza. Kwa hiyo zisaidie na vitu vingine. TikTok nayo ina kikomo cha muda wa siku humohumo ndani, kiweke. Kwa wenye umri chini ya miaka 18 TikTok waliweka kikomo cha saa moja kwa siku tangu 2023, lakini mtoto akidanganya mwaka wa kuzaliwa ndo basi tena, hivyo mzazi akague mwenyewe akaunti ilivyosajiliwa.

Usiku washa Usinisumbue, ruhusu wazazi, mwenza na wale wa lazima, na ruhusu anayepiga mara mbili ndani ya dakika 15, maana msiba haupigi mara moja.

Wenye iPhone na nyie mmo: Screen Time ipo tangu iOS 12, fokasi tangu iOS 15, na kuzima data kwa apu moja moja mnaweza kwenye setingi za data ya simu, jambo ambalo ni zuri kuliko hata Data Saver yetu. Anki kwenu ni ya kulipia kwenye simu, kwenye kompyuta ni bure, na kupitia brauza mnaipata bure pia kwenye tovuti yao, ila hiyo ya brauza inataka data iwashwe, kwa hiyo iingizeni kwenye ile nusu saa ya baada ya adhuhuri.